Herufi ya Thelathini na Moja

Kwa miaka thelathini na saba, katika ukoo wetu, mimi ndiye niliyekosea herufi moja. Koo nyingine zina mjomba mlevi au shangazi aliyetoroka na fundi saa. Sisi tuna mimi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Nilinakili herufi hamsini na mbili kutoka kwenye runinga hadi kwenye daftari, na inasemekana moja kati ya hizo niliiandika vibaya, kaka yangu Nobuyuki akapoteza gemu aliyoihangaikia likizo nzima. Kesi ilisikilizwa siku hiyohiyo, hukumu ikatoka, na sikuruhusiwa kukata rufaa.

Ningekuwa mpishi au mshona nguo, labda kisa hiki kingekufa chenyewe. Lakini mimi ni karani katika ofisi ya jiji la Niihama, dirisha la vizazi na vifo. Kazi yangu ni kuandika majina ya watu bila kukosea. Kwa hiyo baba mdogo Shigeto, mdogo wake marehemu baba, hajawahi kuhitaji mzaha mpya. Tukikutana, iwe arusini, iwe matangani, kalamu ikinikaribia tu, atasema apewe mtu mwingine, huyu atatuandikia "me" badala ya "nu". Wote wanacheka, na mama anacheka. Mimi nami hucheka, maana asiyecheka ndiye anayeonekana ana tatizo. Lakini ilinikera kila mara, na kadiri nilivyozidi kuzeeka ndivyo ilivyozidi kunikera.

Kwa Kijapani kila moja huandikwa kwa herufi moja, na herufi hizo mbili zinafanana kama pacha. Tofauti ni kitanzi kidogo mkiani mwa "nu". Na siku zile gemu haikuwa na kumbukumbu yake yenyewe. Ukitaka kupumzika ilikupa neno la siri, mlolongo wa herufi usio na maana yoyote. Ukalinakili, na kesho yake ukaliingiza herufi moja moja ili uendelee pale ulipoishia. Moja ikienda kombo, anza upya. Kila nyumba yenye watoto ilikuwa na daftari la namna hiyo, na kilio cha namna hiyo.

Gemu yetu iliitwa Bonde la Ukungu. Nobuyuki alikuwa na miaka kumi na mitatu, yeye ndiye mchezaji. Mimi nilikuwa karani wake, kwa sababu mwandiko wake hata yeye mwenyewe ulimshinda kuusoma. Jioni ya tarehe thelathini Agosti, mwaka 1988, alifika kwenye mlango wa mnara wa mwisho. Mama akasema runinga izimwe. Nikanakili. Nikahakiki mara mbili, nikifuata kwa kidole. Kesho yake alasiri tuliingiza lile neno, gemu ikajibu kwamba neno hilo si sahihi. Tukaliingiza tena, ikajibu vilevile.

Nobuyuki alipekua ukurasa kama polisi, akaikamata herufi ya thelathini na moja. Ilikuwa "nu" yenye kitanzi kidogo kuliko wenzake. Akajaribu "me" mahali pake, gemu ikakataa. Mtu mwenye haki angeishia hapo. Yeye alisema, basi umekosea na nyingine pia. Hakuniongelesha mpaka Mwaka Mpya.

Sasa turudi huku. Mimi ni mtu wa kukodi. Nyumba ninayoishi nimekodi, kimono za arusi za watu nakodi, vitabu naazima maktaba. Mashine yangu ndogo ya gemu niliinunua kwa ajili ya mazoezi ya mgongo, kwa ushauri wa daktari, na ndipo nilipogundua kwamba kwa malipo ya kila mwezi inafungua ghala la gemu za zamani, nyingi kuliko nitakavyoweza kucheza hadi nistaafu. Nikajiunga. Nobuyuki ni kinyume changu. Ana nyumba yake, na ndani ya nyumba ana chumba, na ndani ya chumba kabati la vioo lenye kaseti za gemu mia tatu na ushee, zile za plastiki za kuchomeka kwenye mashine, zimepangwa kwa rangi. Mkewe haruhusiwi kufuta vumbi humo. Anasema mimi nalipia ruhusa tu, wala sina kitu. Siku wenye ghala wakichoka watafunga mlango, nibaki nimekodoa macho. Namjibu kwamba yeye akifa kabati lake litaletwa dirishani kwangu na warithi wanaogombana nani asilichukue.

Mwishoni mwa Julai likaja tangazo kwenye mashine yangu. Gemu kadhaa zingeondolewa ghalani tarehe thelathini na moja Agosti, saa sita mchana, mikataba ikiwa imekwisha. Ya nne kwenye orodha ilikuwa Bonde la Ukungu. Sikuwa nimejua hata kama imo.

Sikuipeleka akili yangu kwenye hasara. Lililonijia lilikuwa swali, tena likanikaa kama mwiba wa samaki kooni. Lile neno, kwenye kaseti ya Nobuyuki, limekataliwa tangu nikiwa mtoto. Nikiliingiza huku je? Hapakuwa na sababu yoyote likubaliwe. Gemu ni ileile, neno ni lilelile. Nilijieleza hivyo nikiwa kazini, nikajieleza tena kwenye basi, na bado nilitaka kujua. Nilikuwa na wiki nne na ushee, baada ya hapo nisingeweza kujua kamwe.

Daftari analo Nobuyuki, kabatini, rafu ya juu. Nikampigia simu nikamwomba alilete kwa mama wakati wa Obon, tutakapokusanyika kuwakaribisha marehemu wetu.

"Unataka kufungua kesi upya?" akaniuliza.

"Nataka kuona tu, kaka."

"Utaaibika, Hisae."

"Nimeshazoea. Lete na kaseti pia, na ile mashine yako ya makumbusho."

Alicheka, lakini alikubali haraka mno. Nadhani naye alikuwa na mwiba wake.

Tarehe kumi na nne asubuhi tulikwenda kuosha kaburi la baba, tukarudi kwa mama tumelowa jasho. Mama ana miaka sabini na minane. Nyumba ni ileile, sebule ni ileile, mikeka imebadilishwa. Alitupa chai ya shayiri ya baridi akaingia jikoni kukata tikiti maji, akisema tusimwage chochote. Nobuyuki alifungua sanduku alilolibeba kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na mashine ya zamani, aliyoirekebisha mwenyewe iweze kuelewana na runinga ya siku hizi, na kaseti ya kijani imefungwa kwenye kitambaa. Aliigeuza anionyeshe mgongo wake. Jina lake lilikuwepo, kwa kalamu nyeusi ya wino mzito, kwa mwandiko wa mama, kama alivyotuandikia kwenye kila kitu: viatu, miavuli, penseli moja moja.

"Hii ndiyo kumiliki," akasema. "Ina jina langu. Huko kwako pameandikwa jina la nani?"

Nikamwambia aache mahubiri aichomeke.

Tuliingiza neno kwenye kaseti yake kwanza. Yeye alibonyeza, mimi nilisoma kutoka daftarini, na niseme kwamba kuuona ule ukurasa kulinishtua. Ulikuwa mwandiko mzuri. Herufi safi za mtoto aliyejitahidi. Tulipofika ya thelathini na moja alisita makusudi, akanitazama. Nikasema, "Nu." Akabonyeza "nu". Tukamaliza, na gemu ikasema neno hili si sahihi, kwa mlio uleule wa kukera.

"Sasa ya kupanga," akasema, anaifurahia kabisa.

Nikaunganisha mashine yangu, nikafungua ghala, nikaitafuta. Safari hii nilibonyeza mwenyewe naye akasoma. Nilifika herufi ya hamsini na mbili. Nikabonyeza kukubali.

Kioo kikawa cheusi. Kisha ukaja muziki ambao sikuwa nimeusikia tangu nikiwa na magoti yenye makovu, na mlango wa mnara, na mbele yake watu watatu wadogo wamesimama kwa safu, na juu yao majina yao: Nobu, Hisae, Taro. Taro alikuwa mbwa wetu.

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nimo. Nobuyuki alinipa kazi ya mganga, yule anayetembea nyuma akiwaponya wengine, na nilikuwa na nguvu nyingi kuliko yeye. Alikuwa amenilea vizuri mle ndani.

"Hawa wa kupangisha wamelegeza," Nobuyuki akasema hatimaye. "Inakubali chochote. Ndiyo maana ya kitu cha kukodi."

Hilo lingeweza kuwa kweli, na mimi ni mtu wa ofisi, sipendi jibu lisilohakikiwa. Nikatoka, nikaliingiza neno upya, safari hii nikaweka "me" kwenye ya thelathini na moja. Ikakataa. Nikarudisha "nu". Ikafungua. Nikabadilisha herufi nyingine mbili tatu, moja moja, ikakataa zote. Lililokubaliwa ni lile nililoliandika nikiwa na miaka kumi, na hilo peke yake.

Mtu angetarajia niruke. Sikuruka. Nilihisi kitu kama njaa, nikataka kujua zaidi. Kama niliandika sahihi, kwa nini kaseti yake inakataa?

"Kaka, hii kaseti yako umewahi kuicheza? Tangu siku ile?"

Akasema amejaribu neno mara nyingi, mwaka hadi mwaka.

"Sikuulizi neno. Kuanza upya. Kucheza."

Hakuwahi. Aliapa akiwa mtoto kwamba hataanza upya, halafu akawa mtu mzima, halafu ikawa kitu cha kabatini. Nilitaka kumwambia kwamba amemiliki kitu kwa miaka thelathini na saba bila kukitumia hata siku moja, lakini uso wake haukuwa wa kutaniwa. Tukaanza upya, kote kuwili, tukibadilisha waya kila mara: hatua chache kwake, hatua chache kwangu. Muziki uleule, kijiji kilekile, visima vilevile. Kwenye mashine yangu tukamfikia mzee anayesimama kwenye daraja la kijiji. Nikamsemesha.

Mzee akasema, "Mwanangu, jihadhari na njugu."

Nobuyuki akaangua kicheko mpaka akajipaliza, nami nikacheka hadi nikaegemea ukuta. Tulikuwa tumesahau! Mzee alitakiwa kusema tujihadhari na "kiri", yaani ukungu. Mtu fulani kiwandani alikosea herufi moja, ikawa "kuri", zile njugu kubwa tunazochoma wakati wa vuli. Tuliisema sentensi ile mwaka mzima. Taro akibweka, jihadhari na njugu. Baba akivaa viatu kwenda kazini, jihadhari na njugu.

Bado tukicheka tulihamisha waya, na kwenye kaseti yake tukamfikia mzee yuleyule kwenye daraja lilelile.

Mzee akasema, "Mwanangu, jihadhari na ukungu."

Kicheko kilimkatika Nobuyuki kama bomba lililofungwa. Alimsemesha mzee tena. Ukungu. Tena. Ukungu.

Mimi nilishaelewa, kwa sababu kazini kwetu hutokea hivyo. Fomu inachapishwa, ina kosa. Inachapishwa mara ya pili, imesahihishwa, na pamoja na kosa lile wamegusa mambo mengine ambayo hakuna aliyewaomba. Gemu ilitoka kwanza na njugu zake. Baadaye wakaisahihisha, na humo humo wakabadili hesabu ya maneno ya siri. Neno la toleo la kwanza halifungui la pili. Na wenye ghala, kwa bahati tu, walichukua la kwanza, na kosa lake.

"Kwa hiyo hii siyo," Nobuyuki akasema. Alikuwa ameitoa kaseti. "Tuliyocheza ilikuwa na njugu. Hii siyo ile."

"Siyo ile."

"Ina jina langu, Hisae."

Niliichukua nikaenda nayo dirishani. Miaka ishirini na mitano nimetazama nyaraka zilizofutwa na watu wanaodhani karani ni kipofu. Ukilaza kitu ubavu kwenye mwanga, kilichofutwa hujitokeza. Chini ya jina la kaka yangu, plastiki ilikuwa imefifia, imesuguliwa, na ndani ya ule ufifio kulikuwa na herufi nyingine, kubwa, zilizopinda, za mtoto wa darasa la kwanza au la pili. Nikazisoma kwa taabu: Doi.

"Doi ni nani?" Nobuyuki akauliza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la tikiti. Sijui alikuwa pale tangu lini. Aliweka sinia chini taratibu, akapiga magoti mkekani.

"Mimi simjui Doi," akasema. "Niliikuta hivyo dukani."

Akatusimulia bila kupamba, kama mtu anayesoma ripoti. Asubuhi ya tarehe thelathini na moja alikuta kazi za likizo za Nobuyuki hazijaguswa, shajara ni tupu tangu Julai. Baba alikuwa ametoka zamu amelala, na yeye alikuwa amechoka. Alimtuma Nobuyuki maktaba akamalize, kisha akaichomoa kaseti, akaitia kwenye mfuko wa takataka zisizochomwa, akaupeleka pale mtaa unapokusanyia takataka. Ilikuwa siku ya takataka hizo kuchukuliwa. Gari likaja kwa wakati, kama kawaida. Alipoliona linakata kona ndipo moyo ukamwambia amefanya nini. Akapanda baiskeli mpaka duka la vitu vilivyotumika karibu na stesheni, akakuta nyingine ya kijani, picha ileile. Akasugua jina la mtoto wa watu kwa ile thina baba aliyosafishia brashi za rangi, akaandika la mwanawe, akairudisha kwenye mashine.

"Nilijua kaseti ni kaseti," akasema. "Kama gunia la mchele, ukilimwaga unanunua lingine. Sikujua kuna ya kwanza na ya pili. Sikujua neno lingekataa."

"Na lilipokataa?" nikamuuliza. "Kaka alipoanza kunilaumu mimi?"

Akazitazama mbegu za tikiti.

"Nilidhani kufikia Jumapili mtakuwa mmesahau. Halafu Shigeto akaufanya mzaha. Watu wakicheka, nami nacheka. Mwaka ukapita. Nikaona nikisema sasa, nitakuwa nimekosa mara mbili. Miaka ilivyozidi ndivyo lilivyozidi kuwa zito."

Sikuwahi kumkasirikia mama namna ile. Maneno ya ushindi niliyoyatunza tangu utotoni, nikiyanoa bafuni na kwenye foleni, yote yalikuwa ya Nobuyuki. Hakuna hata moja lililomfaa mama yangu aliyepiga magoti. Nilisema tu, "Miaka thelathini na saba, mama," nikatoka nje nikaanza kung'oa magugu ambayo hakuna aliyeniomba niyang'oe. Niling'oa na maua kadhaa. Yalikuwa ya mama, na nilijua ni ya mama.

Baada ya muda Nobuyuki alikuja akachuchumaa kando yangu. Yeye si mtu wa maneno laini. Alianza kwa kusema kwamba kile kitanzi kilikuwa kidogo kweli, lazima nikubali. Nilimtazama na magugu mkononi. Kisha akainamisha kichwa mpaka chini, pale pale kwenye udongo, mtu wa miaka hamsini mwenye upara.

"Nilikukosea, Hisae. Hukukosea hata moja."

Nikamwambia ainuke, majirani watadhani anakopa. Tulikaa pale tukang'oa pamoja, na baadaye akauliza, akitazama pembeni, kama anaweza kuja kwangu Jumamosi. Watu wetu bado wamesimama mlangoni mwa mnara, akasema, na zimebaki siku kumi na saba. Nikamuuliza kama mmiliki wa kabati atajishusha kucheza gemu ya kukodi, isiyo na jina la mtu. Akasema Doi hatajali.

Kwa hiyo nilikuwa nimeachiliwa huru. Nilipokuwa narudi kwangu alasiri ile nilijipima kama nina furaha, na ilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Nilihukumiwa mbele ya ukoo mzima, nikaachiliwa mbele ya watu wawili na mbegu za tikiti. Mama hangesema. Nobuyuki angejaribu, na baba mdogo angemfunika kwa kicheko. Mimi nikisema mwenyewe, ningeonekana mwanamke wa miaka arobaini na saba anayelilia gemu ya utotoni. Nilishayapiga mahesabu yote nikaona hakuna njia, na nikaamua kwamba kujua kunatosha. Hakukutosha, lakini niliamua.

Kesho yake ukoo ulikusanyika. Mtawa alikuja akasoma sala mbele ya madhabahu ya baba, akanywa chai, akaenda nyumba ya pili. Tukakaa kwenye meza ndefu, watu kumi na wanne, na keki za samaki za kukaanga, na tambi za baridi, na bia. Mtawa alikuwa ameacha karatasi ya kuandikia majina ya marehemu, ili hekalu lichonge vibao vya makaburini. Karatasi ilizunguka meza, ikafika kwangu pamoja na kalamu.

"Oyaa," baba mdogo Shigeto akasema, chupa mkononi, uso umeshaiva. "Mpeni mtu mwingine. Kaka yangu amekufa mara moja, msimuue tena kwa 'me' na 'nu'."

Meza ikacheka. Nobuyuki hakucheka; alifungua mdomo, na nikaona anatafuta pa kuanzia. Nikaiweka kalamu chini, kama kawaida yangu, na kicheko changu nikakitayarisha.

Mama alikuwa mwisho wa meza, anamwagia mtu chai. Aliweka birika. Akazivuta nguo zake zikakaa sawa, akageuka kwa magoti mpaka akawaelekea wote, akaweka mikono miwili mkekani mbele yake.

"Shigeto, nisikilize. Na nyinyi wote nisikilizeni. Hisae hakukosea. Aliandika sahihi herufi zote hamsini na mbili. Niliyekosea ni mimi. Niliitupa kaseti ya Nobuyuki, nikanunua nyingine nikaandika jina lake juu, na mtoto alipolaumiwa nikanyamaza. Mmemcheka kwa kosa langu, nami nimecheka pamoja nanyi."

Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Hakuinama upande wa wageni. Aliinama upande wangu.

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alibaki na chupa hewani, na mtu mmoja akauliza kwa sauti ya chini ni kaseti gani hiyo inayozungumziwa. Mama hakuinuka. Nywele zake zilikuwa chache utosini, na sikuwa nimewahi kuuona utosi wake kutoka juu. Nilijua kinachotakiwa kusemwa. Mtu akikuomba radhi unamwambia si neno. Tunasema hivyo dirishani mara mia kwa siku, kwa watu waliokanyaga kiatu na kwa watu waliopoteza vyeti. Nilifungua mdomo niseme si neno, mama. Halikutoka, kwa sababu lilikuwa neno, na yeye alikuwa amelisema mbele ya watu kumi na watatu.

Nikaenda nikamshika mabega nikamwinua. Nilikuwa nalia na sikujali nani anaona. Nikamwambia, "Asante, mama," na nikabaki nimemshika.